Ndege Asiye na Mwenyewe

Mbuzi akiingia katika shamba la jirani na kula maharagwe, kesi yake si ngumu. Mbuzi ana mwenyewe, shamba lina mwenyewe, na wazee watajua nani amlipe nani. Lakini ndege atokaye mbali, akatua katika kinamasi, akakaa miezi michache, kisha akaenda zake, huyo ni wa nani? Hakuna aliyemnunua wala aliyemfuga. Akiuawa, hakuna atakayekwenda kwa mwami kudai malipo. Kwa hiyo watu wengi husema: Asiye na mwenyewe ni wa yule amshikaye. Na wengine huongeza: Ukimwua, hukumkosea mtu.

Neno hilo la pili lafaa kupimwa vizuri. Maana duniani kuna makosa mengi yasiyo na mdai, nayo ni makosa bado. Mtu achafuaye chemchemi ya njiani hana wa kumshitaki leo, kwa kuwa wasafiri watakaokunywa kesho hawajafika. Je, kwa sababu hiyo hakukosa? Hata mwizi atasema kwamba alikosa.

Lipo bonde moja ambalo watu wake wameulizwa jambo hili la ndege kwa miaka mingi, wala si kwa maneno matupu, bali kwa mashamba yao na fedha zao. Ni heri kulitazama.

Bonde hilo ni la mbali. Liko katika Bhutan, nchi ndogo ya milima huko Asia, kati ya Uhindi na China. Watu wake wengi hufuata dini ya Buda, nao wana mfalme. Jina la bonde ni Phobjikha. Kimo chake ni karibu mita 2,900; mji wa Bukavu, ambao watu wa Kongo wauona kuwa wa baridi, uko karibu nusu ya kimo hicho. Wakati wa baridi umande wa Phobjikha huganda, na asubuhi majani huwa meupe kama yaliyomwagiwa unga. Katikati hupita mto uendao polepole, na kandokando yake ni kinamasi chenye majani na mianzi mifupi. Juu ya kilima imesimama nyumba ya watawa wa Buda iitwayo Gangteng, iliyoanzishwa mwaka 1613.

Ndege ajaye huko ni korongo wa shingo nyeusi. Mtu aliyepata kumwona korongo mwenye taji, yule ambaye Wanyarwanda humwita umusambi, amfikirie huyo, lakini bila taji. Mwili wake ni wa rangi ya majivu iliyokaribia weupe. Kichwa na shingo ni nyeusi, na utosini pana doa jekundu. Akisimama hupita kiuno cha mtu mzima. Ziko aina 15 za korongo wa ukoo huo duniani, na huyu ndiye wataalamu wa Ulaya waliyemjua mwisho wa wote: Mrusi Nikolai Przhevalsky aliandika habari zake mwaka 1876. Si ajabu, kwani wakati wa joto hukaa katika nyanda za juu za Tibet, mahali penye watu wachache na upepo mwingi. Huko ndiko hutaga mayai yake, mara nyingi mawili tu.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na katika mwezi wa kumi na moja, korongo hao huvuka milima na kushuka Phobjikha. Hukaa huko hata mwezi wa pili au wa tatu. Hapo pana jambo la kupendeza. Baridi ikianza, jamaa nyingi za bonde nazo hushuka, zikaenda kukaa mahali pa chini penye joto. Basi ndege anaingia wakati mtu anatoka, kama majirani wawili wanaopokezana nyumba moja. Viazi vya Kizungu, ambavyo ndivyo mali ya bonde, vimekwisha kuchimbwa. Korongo huokota mabaki mashambani, hufukua mizizi, na kula sehemu laini za mianzi mifupi. Tena ng’ombe na farasi wa wenyeji, kwa kulisha kinamasini wakati wa joto, huizuia mianzi hiyo isirefuke mno, na hivi korongo hupata njia ya kupita na chakula cha kula. Kumbe mkulima na ndege hawakuzaliwa maadui.

Wenyeji husema kwamba korongo wakifika huzunguka nyumba ya watawa mara tatu, na wakiondoka hufanya vivyo hivyo. Wataalamu husema kwamba ndege wakubwa huzunguka ili kutafuta hewa ipandayo, iwainue juu ya milima. Maneno hayo mawili hayagombani.

Lakini pasipo maji yote hayo hayafai kitu. Usiku korongo halali mtini. Husimama ndani ya maji yasiyo na kina, yeye na wenzake, kwa sababu mbweha au mbwa akija, lazima akanyage maji, na maji yatapiga kelele. Mchana anaweza kula katika shamba kavu. Usiku shamba kavu ni mauti yake. Kinamasi ndicho kitanda chake, na ndicho mlango wa nyumba yake pia. Ukikausha kinamasi, hukumwua ndege hata mmoja kwa mkono wako, walakini hakuna atakayelala hapo tena. Watu wengi huhesabu kwamba kosa ni kutupa mkuki tu. Mfereji waweza kuua zaidi ya mikuki yote ya kijiji, na mchimbaji wake akarudi nyumbani mikono ikiwa safi.

Na kweli palikuwa na shauri la kukausha. Katika miaka ya 1980 ilifikiriwa kwamba kinamasi cha Phobjikha kingegeuzwa kuwa mashamba ya mbegu za viazi. Mtu asifanye haraka kuwalaumu waliofikiri hivyo. Kiazi ndicho kinachowapa fedha wenyeji. Huuzwa hata kwa watu wa Uhindi, nacho huleta chumvi, nguo na karatasi za shule. Ardhi nyeusi ya kinamasi ina rutuba, na baba mwenye watoto watano huiona kila siku akipita. Hata hivyo, ilipojulikana kwamba mahali hapo ndipo makao makuu ya korongo katika nchi yote ya Bhutan, shauri likaachwa. Mwaka 1987 kikaanzishwa chama cha kulinda viumbe na mali ya asili, ambacho kwa kifupi huitwa RSPN, nacho kikashika kazi ya kuwaangalia ndege hao. Mwaka 2016 kinamasi kikaandikwa katika orodha ya mataifa ya vinamasi vyenye thamani kuu, ile iliyoanzishwa kwa mapatano ya Ramsar.

Kazi ya kwanza ya watu hao ni ndogo mbele ya macho: kuhesabu.

Kuhesabu ndege si sawa na kuhesabu mbuzi zizini. Mchana korongo hutawanyika mashambani, baba, mama na mtoto hapa, kundi lingine kule. Huruka, hutua, na mmoja aweza kuhesabiwa mara mbili. Kwa hiyo mhesabuji huenda kilimani kabla ya jua, ndege wangali wamesimama majini, au jioni wanaporudi kulala. Hukaa kimya katika baridi hiyo, ana darubini na daftari. Huandika wakubwa mbali na wadogo mbali. Wadogo hujulikana kwa kichwa na shingo ambazo bado ni za rangi ya udongo. Kwa nini kuwatenga? Kwa sababu jumla peke yake yaweza kudanganya. Nyumba yenye watu kumi ambao tisa ni wazee si sawa na nyumba yenye watu kumi ambao watano ni watoto, ingawa zote mbili zina kumi. Korongo huishi miaka mingi. Wazee waweza kuendelea kuja kila mwaka, watu wakifurahi, huku watoto wamekoma.

Tena iko hatari ndani ya moyo wa mhesabuji mwenyewe. Akitaka sifa kwamba bonde linatunzwa vema, atapenda wawe wengi. Akitaka msaada wa fedha, atapenda wawe wachache ili watu wahurumie. Akiwa amechoka, atakisia na kwenda kuota moto. Nani atamshika? Ndege hawezi kusema: Uliniruka. Hapo ndipo kazi hiyo ndogo inapokuwa kazi ya dhamiri. Kumshuhudia vema jirani awezaye kukushitaki ni jambo jema. Kumshuhudia vema kiumbe asiyeweza kusema lolote ni jambo gumu zaidi, maana hakuna kinachomlazimisha mtu ila ukweli wenyewe.

Katika miaka ya karibuni wamehesabiwa zaidi ya 400 huko Phobjikha wakati wa baridi. Lakini hesabu ya bonde moja ni kama ukurasa mmoja wa barua. Ikiwa mwakani wamepungua, je, wamekufa, ama wamekwenda Bumdeling, bonde lingine lililo mashariki ya nchi hiyo? Hakuna awezaye kujibu, isipokuwa huko nako yupo mtu anayehesabu, na China pia, ambako ndiko walio wengi. Kurasa hizo zilipowekwa pamoja, zilionyesha kwamba korongo hao wamepita 10,000 duniani. Mwaka 2020 wakatolewa katika daraja la viumbe walio hatarini, wakawekwa katika daraja la walio karibu na hatari. Hiyo ni habari njema. Bila hesabu ingalikuwa uvumi wa sokoni tu.

Karibu na Kongo vilevile kazi hiyo imeonyesha nguvu yake. Nchini Rwanda vifaranga vya korongo mwenye taji vilikuwa vikikamatwa katika vinamasi na kuuzwa, viwe pambo la bustani za mahoteli na za matajiri. Ndege huyo hasafiri mbali kama mwenzake wa Bhutan, ila naye hawezi kuishi bila kinamasi. Mwaka 2017 walihesabiwa 487 tu waliokuwa huru katika nchi nzima. Hesabu hiyo iliwashitua watu. Wale wa bustanini wakaandikwa, wenye nguvu wakarudishwa porini, na kufika mwaka 2022 waliokuwa huru walipita 1,000.

Sasa lije swali gumu zaidi: nani alipe?

Watu wa Phobjikha walitaka umeme, kama watu wengine. Moshi wa kuni huumiza macho ya mama apikaye, na mtoto hasomi vema kwa taa ya mafuta. Lakini umeme husafiri kwa nyaya juu ya nguzo. Korongo ni ndege mzito, mwenye mabawa mapana; akiinuka asubuhi penye ukungu, hawezi kugeuka upesi, naye hugonga waya asioiona. Basi ikaamuliwa kwamba nyaya zizikwe chini ya ardhi. Kazi hiyo ina gharama kubwa kuliko kusimamisha nguzo, na kwa sababu hiyo wenyeji walingoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ndipo umeme wa nyaya za chini ulipofika katika nyumba zao.

Je, ilikuwa haki kuwangojesha? Kama wangaliambiwa: Korongo ni fahari ya dunia yote, kwa hiyo ninyi kaeni gizani, na gharama ni yenu, hiyo ingalikuwa dhuluma, hata ikipambwa kwa maneno mazuri juu ya viumbe. Ni rahisi sana kumpenda ndege kwa mfuko wa mtu mwingine. Mtu wa mji mkuu, au wa Ulaya, asiyelima kiazi hata kimoja, asione kwamba ametimiza wajibu wake kwa kumkataza mkulima. Lakini mambo hayakwenda hivyo. Fedha za kuzika nyaya zilitoka nje ya bonde, kwa serikali na kwa nchi nyingine zilizosaidia, Austria ikiwa mojawapo. Furaha ilikuwa ya wengi, na mzigo ukabebwa na wengi. Si mzigo wote, hata hivyo. Nguruwe wa porini bado hushuka kutoka msituni usiku na kufukua viazi vya wenyeji, na hasara hiyo haigawanywi kwa watu wa mbali. Hapo haki ingali nusu.

Mwingine atauliza: Tumbo la mtoto si kubwa kuliko ndege? Ni kubwa. Asemaye vingine amepoteza kipimo. Lakini mara nyingi vitu viwili hivyo haviwekwi kweli katika mizani moja. Kinachowekwa upande wa pili wa ndege si mtoto mwenye njaa, bali ni faida ya msimu mmoja, nayo huitwa kwa jina la mtoto ili isikataliwe. Kinamasi cha Rugezi, katika milima ya kaskazini ya Rwanda, kilikatwa mifereji ili watu walime. Maji ya Rugezi huingia katika ziwa Burera, na maji ya Burera ndiyo yazungushayo mashine za umeme za Ntaruka. Mwaka 2003 na 2004 ziwa lilikuwa limeshuka sana. Mvua kidogo na utunzaji mbaya wa mashine vilikuwa na sehemu yao, lakini na mifereji pia ilikuwa na sehemu yake. Umeme ukapungua katika nchi nzima, ikabidi kuwasha mashine zinywazo mafuta ya bei ghali. Ndipo serikali ikaamuru kinamasi kiachwe, na baada ya miaka michache maji yakapanda tena. Waliokuwa wamelima humo walipoteza mashamba yao. Nao pia wasisahauliwe katika hesabu.

Basi kinamasi kina faida. Huyashika maji ya mvua kama mama ashikavyo akiba, akayatoa kidogokidogo wakati wa kiangazi. Lakini mtu akiishia hapo, amejibu nusu. Maana atakuwa amesema tu: Usiharibu, kwa sababu utapata hasara. Siku atakapoonyeshwa kwamba ndege fulani hana faida yoyote, atamwacha afe. Lazima swali la kwanza lirudi: ndege wa kupita ni wa nani?

Mwaka 1822, karibu na Klütz katika nchi ya Ujerumani, alipigwa ndege mmoja mweupe mwenye miguu mirefu. Kiswahili humwita naye korongo, ingawa si ukoo mmoja na wale wa Bhutan. Shingoni mwake palikuwa pamechomwa mshale mrefu wa mti, karibu sentimeta 80, nao haukuwa wa Ulaya. Ulikuwa umetengenezwa Afrika ya Kati. Ndege huyo alipigwa huku, hakufa, akaruka hata Ulaya na mshale wake shingoni; huko akapigwa mara ya pili, na hapo akafa. Mwili wake umehifadhiwa mpaka leo katika chuo kikuu cha Rostock. Zamani hizo wako watu wa Ulaya waliodhani kwamba ndege hulala ndani ya matope wakati wa baridi. Mshale ule uliwafundisha kwamba ndege waliyemwita wao alikuwa na nchi nyingine.

Mpigaji wa Afrika alidhani ndege hana mwenyewe. Mpigaji wa Ujerumani alidhani vivyo hivyo. Kumbe walikuwa wakimchoma ndege mmoja, na kila mmoja alikuwa akichukua kitu ambacho watoto wa mwenzake walikitazamia. Mbayuwayu wanaojaa juu ya vijiji vya Kongo katika miezi ya mwisho ya mwaka wamejenga viota vyao chini ya mapaa ya Ulaya. Mtu wa huko huwatazamia warudi. Akiona kiota kitupu, hajui kama kosa limetendeka kwake, au jangwani, au katika matete ya Kongo ambamo walilala usiku. Kwa hiyo ndege wa kupita si kitu kisicho na mwenyewe. Ni kitu cha wengi ambao hawajaonana. Kila mmoja hukabidhiwa kwa muda, kama mzigo upitao mikononi mwa wapagazi. Na mpagazi wa tatu akiutupa mtoni, taabu ya wale wawili wa kwanza imepotea, wala hawana njia ya kujua.

Tena yako mambo ambayo hata hoja hiyo haiyafikii. Huko Phobjikha alipatikana korongo mchanga aliyeumia, hata asiweze kuruka tena. Hatavuka milima, hatataga katika nyanda za Tibet, hataongeza kitu katika jumla ya daftari. Kwa mtu ahesabuye faida tu, alikuwa amekwisha. Wale watu wa RSPN walimjengea uzio karibu na nyumba ya kupokelea wageni, wakamlisha na kumtunza mwaka kwa mwaka. Watoto wa shule huja na kumwona kwa karibu, jambo ambalo wale wa kinamasini hawaliruhusu, kwani huruka wakimwona mtu angali mbali.

Kila mwaka, tarehe 11 ya mwezi wa kumi na moja, ua wa nyumba ya watawa hujaa watu. Tangu mwaka 1998 hufanyika hapo sikukuu ya korongo, na watoto hucheza wakiwa wamevaa mabawa ya kitambaa na midomo mirefu. Miezi inayofuata ni ya kimya. Kisha, mwezi wa pili au wa tatu, siku ya jua, korongo huanza kuzunguka na kupanda, mpaka macho yasiwaone tena. Wahesabuji hufunga daftari. Jamaa zilizoshuka mahali pa joto hurudi na mizigo yao, mbegu za viazi hutolewa ghalani, na mifugo hufunguliwa tena iingie katika mianzi.